Kalamu ya Radi na Mafuta ya Mkia

Nina maboksi matatu ya viatu yaliyojaa nailoni. Ni nailoni ile angavu ambayo wanafunzi hufunikia vitabu. Nikipata mgonjwa mwenye kidonda kisichopona, naipangusa nailoni kwa spiriti, naitandaza juu ya kidonda na kufuatisha ukingo wake kwa kalamu ya wino usiofutika. Kisha naiweka juu ya ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, nahesabu miraba iliyoangukia ndani ya mchoro, naandika idadi, tarehe na jina. Kidonda kikipungua, miraba inapungua. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilianza kazi katika zahanati hii ya Kakuma nikiwa mfagiaji, na kwa miaka miwili chumba cha vidonda nilikifagia polepole kuliko vyumba vingine vyote, ili nione masista wanafanya nini. Siku moja sista mmoja alinipa glavu akasema, "Lomenen, weka ufagio chini, wewe umeshajua." Hiyo ndiyo diploma yangu. Sasa ina miaka kumi na mmoja.

Katika boksi la tatu, nailoni nyingi ni za mguu mmoja. Ni mguu wa kushoto wa Nangiro, bibi wa huko chini ya vilima vya Pelekech, aliyechomwa na mwiba juu kidogo ya kifundo. Kwa kuwa ana kisukari, mwiba ulitoka lakini tundu halikufunga. Alipoletwa kwangu mara ya kwanza, kidonda kilikuwa miraba mia mbili na kumi na miwili. Baada ya mwaka mmoja na nusu kilikuwa tisini na sita. Wengine wataona huo ni mwendo wa kobe. Mimi kila mraba nilikuwa naufahamu.

Kazi ngumu na Nangiro haikuwa kidonda, ilikuwa mafuta. Bibi huyu hatoki nyumbani bila kujipaka mafuta ya mkia wa kondoo kuanzia shingoni hadi vidoleni, na akienda kwa mtu anayemheshimu hupaka mara mbili. "Mwanamke hatembei amekauka," huniambia. "Anayetembea amekauka ni yule aliyetoka kuzika." Mwanzoni nilimkataza. Alinisikiliza vizuri, akaitikia vizuri, na wiki iliyofuata akaja anang'aa kama kibuyu kipya cha maziwa. Basi nikaacha kubishana. Nilipasha maji moto, nikachukua sabuni ya mche, nikaosha mguu kuanzia gotini kwenda chini, mara tatu, hadi kwenye kingo za kidonda. Kipimo changu kilikuwa maji yenyewe. Yakijikusanya matone na kuteleza, mafuta bado yapo. Yakitanda juu ya ngozi, naweza kuanza kazi. Dakika ishirini za kuosha, mimi na yeye tu chumbani, na hazimo katika mwongozo wowote niliowahi kuuona ukutani.

Mwezi wa pili mwaka uliopita tuliambiwa kuna mradi wa majaribio unakuja na mashine ya kutibu vidonda sugu. Mtu mmoja angepelekwa Lodwar siku nne kufundishwa. Niliandika jina langu kwenye karatasi na kuipeleka mwenyewe kwa Bi Awoi, mkuu wa zahanati.

Bi Awoi aliisoma, akaiweka chini ya simu yake. "Lomenen, kama ni mimi ningekupeleka jana. Lakini hawa watu wanataka cheti. Na kitabu ya mashine iko na Kifaransa upande moja."

"Nani ana Kifaransa?"

"Pontien."

Pontien ni muuguzi kutoka Burundi. Ana diploma ya Bujumbura na miaka sita katika kambi ya wakimbizi. Ni mrefu, mpole, na hupiga pasi koti lake jeupe hata siku zile za upepo wa vumbi. Mkimbizi hatoki kambini kwenda Lodwar bila kibali, na Bi Awoi alihangaika siku tatu kukitafuta: barua hapa, simu pale, foleni kwenye ofisi moja kisha nyingine. Nilimwona akirudi amechoka, viatu mkononi. Mimi katika miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemwomba kiti chenye magurudumu cha kukalia ninapofunga miguu ya watu, na alikuwa bado anakifikiria.

Nilijiambia si kosa la Pontien, na kweli halikuwa kosa lake. Nililirudia hilo kila asubuhi kama dawa, nalo kama dawa nyingine nyingi halikufanya kazi.

Alirudi na sanduku la ukubwa wa betri ya gari, waya, na kitu kama kalamu nene. Alitukusanya chumbani, akabonyeza. Kwenye ncha ya kalamu ukatokea mwali mdogo wa zambarau, usiozidi ukucha.

"Moto?" Bi Awoi alirudi nyuma.

"Hapana moto, mama. Angalia." Pontien aliuelekeza mwali kwenye kidole chake mwenyewe, akautuliza hapo, akatabasamu. "Iko baridi. Wanaita plazma. Barafu unapasha inakuwa maji, maji unapasha inakuwa mvuke. Sasa hewa ukiipitisha ndani ya umeme kali, inakuwa kitu ya nne. Hii. Ndiyo ile radi, lakini wameifundisha adabu. Inaua vijidudu kwa kidonda, na inaamsha damu kidogo pale pembeni, nyama inaanza kuota."

"Inaponya yote?" niliuliza.

"Hapana yote, kaka Lomenen. Hata kule Lodwar walituambia. Ingine inapona, ingine inakataa. Tutaona."

Lilikuwa jibu la mtu mwaminifu. Ningependa angejigamba. Ingenirahisishia.

Mgonjwa wa kwanza aliyechaguliwa alikuwa Nangiro, kwa sababu kidonda chake kilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko vyote. Kumbukumbu zenyewe ni nailoni zangu. Pontien alizitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mungu wangu, hii ni kazi," kisha akazirudisha kwenye boksi kwa mpangilio uleule. Nilijikuta natafuta kasoro katika alivyozirudisha. Sikupata.

Nangiro hajui Kiswahili na Pontien hajui Kiturkana, kwa hiyo nilisimama katikati kama mkalimani. Nilikuwa nimehamishwa kutoka kwenye mguu hadi kwenye mdomo. Bibi alijilaza, akauona mwali, akanusa. Ile mashine huacha harufu hewani, harufu kali, safi, inayokaa puani.

"Ee!" Nangiro aliinua kichwa. "Inanuka mvua. Inanuka ile siku radi imepiga upande wa pili wa mlima na wewe bado hujalowa."

Nilitafsiri. Pontien akacheka kwa furaha.

Kisha bibi akautazama mwali kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. "Rangi hii naijua," alisema. "Ni rangi ya dume la mume wangu, marehemu. Wengine waliliona la kijivu, lakini jua likishuka lilikuwa hivi." Akamwekea Pontien mkono kifuani. "Huyu ni Apalopus. Mwambie. Kuanzia leo sitamwita jina lingine."

Asiyetoka kwetu huenda asijue uzito wa hilo. Mwanamume wa Kiturkana hupewa dume la ng'ombe na baba yake, na jina la dume lile, kwa rangi yake, huwa jina lake la heshima. Watu humwimbia kwalo. Baba yangu alikuwa amenichagulia ndama. Ukame wa utoto wangu ulimaliza zizi lote kabla ndama hajaota pembe, nasi tukahamia mjini Lokichar kuuza makaa kando ya barabara. Sina jina la dume. Niliuosha mguu wa bibi yule mwaka mmoja na nusu na alikuwa akiniita "mwanangu" anapokuwa na furaha, na "wewe wa maji" siku zilizobaki. Mrundi mmoja alikuja na kalamu, na kwa dakika nne akapewa dume la marehemu.

"Amesema nini?" Pontien aliuliza.

"Amesema rangi ni nzuri," nikajibu.

Alikuja kujua baadaye, kwa wagonjwa wa kwenye foleni waliokuwa wakimpigia makofi akipita: "Apalopus! Apalopus!" Aliniuliza maana yake, nikamwambia, naye akaangalia mikono yake. "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Nikasema nilisahau. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Karatasi ya mafunzo ilikuwa na hatua tano, na hatua ya kwanza ilisema: safisha kidonda kwa maji ya chumvi, kausha kwa shashi. Basi. Walioiandika hawakuwahi kumwona Nangiro. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya Pontien, kusafisha nako kulikuwa kwa Pontien, na maji yangu ya moto na sabuni yangu ya mche vikabaki kwenye kona. Wiki ile ya pili bibi alikuja amejipaka kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa anakwenda kwa Apalopus. Alipokaribia lango alikuwa ametwaa kitambaa akapangusa vumbi la njiani kwenye mguu ule, ukabaki unaonekana kama ngozi ya kawaida. Pontien akamimina maji ya chumvi.

Niliyaona maji. Yalijikusanya matone, yakateleza pembeni mwa kidonda, yakadondoka kwenye beseni. Hayakushika popote. Pontien alikausha kwa shashi, akawasha kalamu, akaanza kuipitisha polepole juu ya utando wa mafuta usioonekana, kwa uangalifu mkubwa, huku midomo yake ikihesabu sekunde.

Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Wiki ya tatu aligeuka na kuniuliza. Lazima niliandike vile lilivyotokea. Alisema, "Kaka, wewe unajua huyu mama miaka. Kuna kitu anafanya kule nyumbani? Kitu anaweka? Hii kidonda inanikatalia, na zingine zinakubali."

Nikasema, "Sijui."

Na kweli zingine zilikuwa zinakubali. Kulikuwa na Alier, kijana wa Sudan Kusini, mwenye kidonda mgongoni nilichokuwa nimehangaika nacho miezi minane. Chini ya kalamu kilifunga kwa wiki sita. Alikuja kuniaga, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Wewe pia, asante." Hilo neno "pia" lilikaa nami wiki nzima. Nilichora nailoni ya mwisho ya Alier, miraba miwili tu, na nikiwa nahesabu miraba hiyo miwili nikafahamu kwamba nilihitaji kidonda kimoja kiikatae ile kalamu. Nilikihitaji cha Nangiro.

Kilikataa. Tisini na saba. Mia moja na mmoja. Mia moja na tisa. Niliendelea kuchora kila Jumanne, mkono wangu ukiwa thabiti kama zamani. Jioni Pontien alikaa na kile kitabu chake cha Kifaransa, akisoma ukurasa uleule, koti halijapigwa pasi. Nami nilimwona, nikaenda nyumbani, nikala vizuri.

Sitaki kusema sikujua uchafu hujificha chini ya mafuta. Ndiyo maana nilikuwa nikiosha. Wiki ya saba mguu ulivimba hadi nusu ya muundi, ukawa wa moto, na bibi akawa na homa. Bi Awoi alipiga simu Lodwar, wakasema aletwe. Pontien aliomba aende naye.

"Kibali yako iliisha mwezi wa tatu," Bi Awoi alisema kwa huzuni. "Ya pili itachukua wiki. Lomenen ataenda."

Pontien alinipa karatasi alizoandika usiku mzima, kila tarehe, kila dakika ya kalamu. "Waambie nilifuata hatua zote," aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka, kama kuna kosa, ni yangu. Waambie hivyo. Lakini waulize ni wapi."

Nilipanda gari la zahanati bibi akiwa amelala kwenye machela, na boksi la tatu miguuni mwangu. Sijui kwa nini nililibeba.

Katika hospitali ya Lodwar alitupokea Daktari Ejore, mpasuaji, mtu wetu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alipiga picha ya mfupa. Mfupa ulikuwa bado mzima. Lakini alibonyeza nyama iliyovimba, akatikisa kichwa, na akanitoa nje ya pazia. "Kidonda kinakua, sukari iko juu, usaha umeanza kupanda. Nikisubiri, nitakata juu ya goti. Nikikata kesho asubuhi, nakata chini ya goti. Mwambie."

Nikamwambia. Nje pikipiki za boda boda zilikuwa zinagombania abiria langoni.

"Wataupeleka wapi?" Nangiro aliuliza.

"Nini?"

"Mguu, mwanangu. Wakishaukata wataupeleka wapi?"

"Watauzika, ata." Ata ni bibi, kwa lugha yetu.

Alipeleka mkono chini ya shuka, akatoa kikopo chake cha bati, cha zamani, kilichokuwa cha majani ya chai. Ndani yalikuwa mafuta ya mkia. "Basi nipake wewe. Mimi siwezi kuufikia, na hawa wasichana wa hapa hawajui. Usiuache uende mchangani umekauka kama wa mtu asiye na watu. Paka vizuri, mpaka kwenye kidonda chenyewe, kama ninavyofanya nikienda kwa Apalopus."

Nilikichukua kikopo. Kilikuwa cha uvuguvugu kwa joto la homa yake. Nikafungua kifuniko, harufu ikanipanda, na vidole vyangu vikaingia. Nilivitazama vikiwa vimeshika mafuta, na sikuweza kuvisogeza upande wowote.

Nikafunga kikopo. Nikaokota boksi langu, nikamfuata Daktari Ejore hadi meza ya wauguzi.

"Daktari, nina kitu cha kukuonyesha."

"Haraka."

Nilipanga nailoni mezani, moja kando ya nyingine. Mia mbili kumi na miwili. Mia moja themanini. Mia na thelathini. Tisini na sita. "Hapa nilikuwa naosha kwa sabuni kwa sababu bibi anajipaka mafuta. Hapa ilikuja mashine ya plazma. Hapa hakuna aliyeosha tena, wanamimina maji ya chumvi tu. Maji hayashiki. Kalamu ilikuwa inapiga mafuta, daktari. Haijawahi kugusa kidonda hata siku moja."

Alichukua nailoni ya tisini na sita, akailinganisha na ya wiki ile. Aliinama. "Nani alichora hizi?"

"Mimi."

"Na huyu muuguzi wa mashine hakujua habari ya mafuta?"

"Hakujua. Aliniuliza. Nilisema sijui."

"Lakini ulijua."

"Niliyaona maji yakiteleza tangu wiki ya pili."

Daktari alivua miwani. Muuguzi wa mezani aliacha kuandika. "Kwa nini, bwana?"

"Wivu," nikasema. Kwa sauti yangu ile ndogo lilitoka kama jina la ugonjwa wa mtu mwingine.

Alinitazama kama anavyotazama mguu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinishika kiwiko, akanivuta hadi kando ya kitanda cha Nangiro. "Sema tena. Sasa kwa Kiturkana. Mguu ni wake, si wangu."

Nikasema tena kwa Kiturkana. Kwa Kiturkana ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu ilibidi nitaje na dume, na jina, na siku ile nilipotafsiri kwamba rangi ni nzuri.

Nangiro alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulikaa kivulini, ukamwona mbuzi wa mwenzako anaingia shimoni, ukatulia kwa sababu si mbuzi wako."

"Ndiyo, ata."

"Na mbuzi ni mimi."

"Ndiyo."

Alifumba macho. Nilisimama. Kisha bibi akaunyoosha ule mguu kutoka kwenye shuka, ukiwa mwekundu na mzito. "Mbona umesimama?" alisema. "Osha."

Daktari Ejore alinipa siku tano, yeye akichoma dawa za usaha kwenye mshipa na kushusha sukari, mimi nikiosha asubuhi na jioni. "Ukiongezeka hata kidogo, nakata," alisema. "Na kwenye faili nitaandika kwamba ngozi haikuandaliwa vizuri."

"Andika jina langu."

"Faili ni ya mgonjwa," alijibu. "Jina lako ulipeleke kwa yule muuguzi."

Siku ya tano uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kifundoni. Kidonda kilikuwa mia na sita. Daktari alihesabu miraba yeye mwenyewe, mara mbili, kwa kalamu yake. Kisha akaturudisha Kakuma na sharti: wiki nne, na nailoni kila wiki itumwe kwake.

Pontien alikuwa amesimama langoni tuliposhuka. Alilitazama blanketi kwanza, likiwa na miguu miwili chini yake, akajishika kichwa. Nilisubiri hadi bibi alipolazwa, nikamwita nyuma ya chumba, kwenye tangi la maji, nikamwambia. Nilianza na neno lile, wivu, nikarudi nyuma hadi mwanzo, ili asidhani natafuta sababu.

Pontien alichuma kipande cha kutu kwenye bomba.

"Siku ile nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Wiki saba silali. Niliandikia mke wangu, Spéciose, kule Kalobeyei, nikamwambia labda mimi si muuguzi tena, labda kambi imenimaliza. Wiki saba, Lomenen." Hakusema kaka. "Wewe unaona mimi nimepata nini? Kwenda Lodwar siku nne na karatasi ya kuomba ruhusa? Mimi siwezi kwenda kule Pelekech kuona huyu mama anaishi namna gani. Siongei lugha yake. Kule nje mimi sina macho. Macho ilikuwa wewe."

Nilimsogezea ndoo ya kukalia, hakukaa.

"Bon, haya," alisema baadaye, akipangusa kutu kwenye koti, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. "Maji inachemka muda gani?"

"Hayahitaji kuchemka kabisa. Uvuguvugu wa mkono."

"Kesho utanionyesha. Yote. Na mimi nitauliza tena kila siku, unasikia? Hata unajua nimeshajua, nitauliza."

"Uliza."

Na aliuliza. Kila Jumanne na kila Ijumaa, kabla hajawasha kalamu, alisema bila kunitazama: "Maji inashika?" Nami ilibidi niinamie mguu, nitazame, nijibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni. Wagonjwa walidhani ni sehemu ya matibabu. Mzee mmoja alianza kuitikia pamoja nami: "Inashika!"

Mia na sita. Themanini na nane. Sitini na tatu. Sitajua kamwe kiasi gani kilikuwa kalamu, kiasi gani sabuni, kiasi gani sindano za Lodwar. Nimeziweka nailoni mfululizo, nikazitazama sana, na kitu pekee ninachoweza kukiapia ni kwamba mwendo ule wa kobe haukuwa wa kobe tena. Wiki ya nne Daktari Ejore alituma ujumbe wa maneno mawili kwa Bi Awoi: "Mguu ubaki."

Pontien aliandika hatua mpya kwa mkono wake, akaibandika ukutani juu ya karatasi ya mafunzo: kuosha kwa sabuni mara tatu, mpaka maji yatande. Wageni wa mradi walipokuja waliipiga picha, wakamsifu. Hakuwa ameandika jina lake. Langu pia hakuwa ameliandika. Nilisubiri kuona kama atawaambia ilitoka kwa nani, nikajikamata nikisubiri, nikatoka nikaenda kumwaga beseni.

Jumanne iliyopita Nangiro alikuja kwa miguu, na fimbo, akimeta kutoka shingoni hadi vidoleni. Alimsalimia Pontien, "Ejok, Apalopus!" akamshikashika koti, akamsifia rangi ya dume lile kwa wimbo mfupi ambao mimi ndiye niliyeutafsiri, neno kwa neno, hadi mwisho. Ulinichoma kila neno. Pontien alisikiliza tafsiri yote, kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tangini, akasema, "Aksanti, kaka."

Bibi aliketi, akanyoosha mguu. Akanigeukia.

"Na wewe wa maji," alisema, "unangoja nini? Leta maji."

Nikaleta. Niliosha mara tatu. Mahali pa kidonda pana ngozi nyembamba, ya waridi, inayong'aa yenyewe. Nilitandaza nailoni juu yake kwa mazoea, nikafungua kalamu ya wino, nikatafuta ukingo wa kufuatisha na sikuuona. Niliandika tarehe na jina tu.

"Maji inashika?" Pontien aliuliza nyuma yangu, mashine ikiwa bado imezimwa.

Nilimimina kidogo kwa kiganja. Nikainama nikatazama.

"Inashika," nikasema.